Jiko la kuni lenye kataliti: namna ya kulizuia lisipite kiasi cha moto

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wana mtoto, ndugu au shemeji aliyeko Marekani, Kanada au Ulaya. Mimi ni mmoja wa hao walioko mbali. Ni mzaliwa wa Mombasa, nakaa jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, na kazi yangu ni kufagia dohani na kutengeneza majiko ya kuni. Kila ikifika mwezi wa kumi simu huanza kulia. Wapigaji ni Waswahili wenzangu, na Wakongomani na Wasomali tunaosikilizana nao kwa Kiswahili. Wamepanga nyumba, wamekuta jiko la kuni sebuleni, na mwenye nyumba amewaambia neno moja tu: "Lina kataliti, liangalieni lisipate moto sana." Kisha akaenda zake.

Sisi watu wa Pwani si wageni wa moto. Tumelelewa na mafiga, jiko la makaa na kuni za mvinje. Lakini jiko la kule nyumbani lawashwa uani au jikoni, chakula kikiiva lazimwa. Jiko la huku lakaa ndani ya nyumba ya mbao, lawaka usiku kucha watoto wakiwa wamelala, kwa miezi mitano au sita mfululizo. Likizidi moto, hasara yaweza kuwa nyumba nzima. Ndiyo maana nimeona niandike yote mahali pamoja, mwenye jamaa huku ampelekee.

Kwa nini watu wanatumia majiko haya

Nyumba nyingi za Maine hupashwa joto kwa mafuta, na bili ya mafuta yaweza kumaliza mshahara. Kuni hupunguza bili hiyo. Pia kuni hazihitaji umeme. Januari 1998 mvua ya barafu iliangusha nyaya za umeme Maine na Quebec, na kuna familia zilizokaa wiki nzima na zaidi bila stima katika baridi kali. Waliokuwa na jiko la kuni walilala na joto.

Kataliti nayo imeingia kwa sababu ya moshi. Mwaka 1988 serikali ya Marekani, kupitia shirika lake la mazingira, iliweka kanuni za kiasi cha moshi kinachoruhusiwa kutoka kwenye jiko jipya la kuni. Kanuni hizo zilikazwa 2015, na tangu Mei 2020 jiko jipya haliruhusiwi kutoa zaidi ya gramu 2 za chembe za moshi kwa saa, au gramu 2.5 likipimwa kwa kuni za kawaida. Kataliti ni mojawapo ya njia za kufikia kiwango hicho.

Kataliti ni nini

Magari yanayoshuka bandari ya Kilindini kutoka Japani huwa na kitu cha namna hii kwenye ekzosi. Kwenye jiko, kataliti ni kipande cha kauri au cha chuma chenye vitundu vingi kama sega la nyuki, kilichopakwa madini ya thamani kama platinamu na paladiamu. Hukaa juu ndani ya jiko, mahali ambapo moshi hupita kabla ya kuingia kwenye dohani.

Moshi ni kuni ambazo hazijamaliza kuungua. Kwa kawaida hauwaki mpaka upate joto la kama nyuzi 540 hadi 600 za Selsiasi. Ukipita kwenye kataliti, huanza kuungua kwenye nyuzi kama 260 tu. Kipimajoto cha jiko la Marekani huandikwa kwa Farenhaiti, kwa hiyo nyuzi 260 utaziona zimeandikwa 500. Kataliti ikishika kazi, hukaa kati ya nyuzi 370 na 760, yaani 700 hadi 1,400 za Farenhaiti. Ikipanda hadi karibu 925 au 980, yaani 1,700 au 1,800 za Farenhaiti, madini yake huanza kuharibika na kauri hupasuka au kumomonyoka. Viwango kamili vimo kwenye kitabu cha jiko lako, na hicho ndicho cha kufuata.

Karibu na kataliti kuna kilango kidogo chenye mkono wa kuvutia, nami nitakiita kilango cha moshi. Kikiwa wazi, moshi hupanda moja kwa moja kwenye dohani. Kikifungwa, moshi hulazimika kupita kwenye kataliti.

Jambo la kwanza kulifahamu

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Jiko la kawaida likizidi, hupunguza hewa na moto ukatulia. Jiko la kataliti lina mioto miwili: mmoja chini kwenye kuni, unaouona kwa kioo, na mwingine juu kwenye kataliti, usiouona vizuri. Moto wa chini hula hewa na kuni. Moto wa juu hula moshi.

Sasa fikiria umejaza kuni kavu juu ya makaa mengi yaliyo mekundu, ukaacha hewa wazi, kuni zote zikashika kwa pamoja, kisha ukafunga hewa ghafla. Ndimi za moto zafifia na kioo chawa cheusi, wewe wadhani umefaulu. Lakini kuni zimeshapata joto, zaendelea kutoa moshi mwingi usioungua chini. Wote wapanda juu, na kataliti yapata chakula cha ghafla. Mshale wa kipimajoto wapanda badala ya kushuka.

Kwa hiyo jiko hili halizuiwi baada ya kuzidi. Lazuiwa kabla, kwa kuchagua kuni, kwa kupima kiasi cha kuni unachotia, kwa kupunguza hewa mapema na kwa hatua, na kwa kuhakikisha hewa haiingii pasipo njia yake. Mengine yote ninayoyaeleza ni matawi ya hayo manne.

Kuni

Kuni zinazofaa zina unyevu wa chini ya asilimia 20. Kuna kifaa kidogo cha kupimia unyevu, na bei yake si kubwa. Pasua kipande, pima upande wa ndani, si ganda la nje. Mti uliokatwa karibuni waweza kuwa nusu yake maji. Miti mingi yataka kupasuliwa na kukaushwa kwa miezi sita hadi mwaka. Mwaloni wataka kama miaka miwili.

Kuni mbichi hazipashi nyumba joto, hujaza masizi ya lami kwenye dohani, na masizi hayo ndiyo huwaka moto siku moja. Tena ukitia kuni zenye barafu au maji mengi huku kataliti imewaka na kilango kimefungwa, mvuke wa baridi huipiga kauri yenye moto mkali, nayo hupasuka kama glasi ya chai iliyotiwa maji baridi.

Upande wa pili wa jambo ni kuni zilizokauka kupita kiasi. Vipande vya mbao za ujenzi na mbao za paleti vimekaushwa kiwandani, ni vyembamba, vyawaka vyote kwa mara moja. Ukijaza jiko kwa hivyo, umetengeneza tanuri. Tumia vichache kwa kuwashia tu. Kwa usiku, chukua vipande vinene, uvipange vikibanana ili moto uende polepole. Vipande vyembamba vilivyoachana huwaka kwa kishindo.

Kuna vitu havitiwi kabisa: mbao zilizopakwa rangi au dawa, plaiwudi, plastiki, takataka, magazeti ya rangi, makaa ya mawe. Vina madini na kemikali zinazoua kataliti. Wenzetu waliozoea kuwashia jiko la makaa kwa kipande cha plastiki au kimiminio cha mafuta ya taa waache desturi hiyo huko huko nyumbani. Mafuta ya aina yoyote ndani ya jiko hili ni hatari ya mlipuko.

Na neno kwa watu wa bahari. Ufukwe wa Maine una magogo mengi yaliyosukumwa na maji, makavu, meupe, na ni bure. Usiyachome. Yana chumvi, na chumvi hula chuma na kuiharibu kataliti.

Mlango, kamba na jivu

Hewa ya moto yafaa iingie kwa njia moja tu, ile unayoifungua na kuifunga kwa mkono. Ikipata njia nyingine, huna tena usukani.

Mlango wa jiko una kamba nene ya kuzibia pembeni. Huchakaa na kuwa ngumu. Jiko likiwa baridi kabisa, banisha noti ya karatasi mlangoni, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, kamba imekwisha mahali hapo. Zunguka mlango wote hivyo. Kamba mpya si ghali na kazi yake ni ya nusu saa, pamoja na gundi yake maalumu ya moto. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku ukuta wenyewe ni wa mbao.

Mlango wa sahani ya jivu chini ni hatari zaidi. Ukiachwa wazi hata kwa upana wa kidole, hewa hupuliza makaa kutoka chini kama mivukuto ya mhunzi. Nimeona majiko yaliyopinda chuma kwa sababu hiyo pekee. Usiache mlango wowote wazi ukaenda kupika, kuoga au kuzungumza na simu.

Jivu lenyewe, toa lililozidi ukiacha tabaka dogo chini. Litie kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko na uiweke nje, mbali na nyumba na baraza ya mbao. Makaa yaliyofunikwa na jivu hukaa hai siku kadhaa.

Dohani na usiku wa baridi kali

Dohani huvuta kwa sababu hewa ya ndani yake ni ya moto na ya nje ni baridi. Tofauti ikizidi, mvuto wazidi. Kwa hiyo usiku ule ambao nje ni nyuzi 25 chini ya sifuri, jiko lile lile na kuni zile zile zitawaka kwa nguvu kuliko mwezi wa kumi. Dohani ndefu huongeza mvuto zaidi. Usiku kama huo ndio watu hujaza jiko mpaka juu na kufungua hewa yote, na hapo ndipo majiko huzidi.

Vitabu vingi vya majiko hutaja mvuto wa karibu inchi 0.05 za maji, yaani kama paskali 12. Fundi ana kifaa cha kuupima. Ukizidi sana, kuna kilango cha kuwekwa kwenye bomba ili kuupunguza, lakini si kila jiko linaruhusiwa kuwekewa, kwa hivyo usijifungie mwenyewe. Dohani na ikaguliwe na kufagiwa kila mwaka kabla ya baridi kuingia.

Kosa jingine ni jiko dogo kupewa nyumba kubwa. Jiko la vyumba viwili halitapasha vyumba sita hata ulichochee vipi. Litazidi moto lenyewe na vyumba vya mwisho vitabaki baridi. Afadhali kufunga vyumba visivyotumika na kulala pamoja karibu na jiko.

Hatua za kila siku

Kwanza, fungua kilango cha moshi na hewa yote. Washa kwa vijiti vikavu, ongeza vipande vya wastani.

Pili, ngoja kipimajoto cha kataliti kifike nyuzi 260, yaani 500 za Farenhaiti. Ukifunga kilango kabla ya hapo, moshi wa baridi utaziba vitundu vya kataliti.

Tatu, kikifika, funga kilango. Kisha anza kupunguza hewa kwa hatua, robo moja, ngoja dakika tano au zaidi, robo nyingine. Usiache hewa yote wazi baada ya kufunga kilango. Ndimi za moto zisifike kuilamba kataliti. Yenyewe yataka moshi, si miali.

Nne, kuongeza kuni. Ngoja makaa yapungue. Fungua kilango cha moshi kwanza, subiri kidogo, ndipo ufungue mlango polepole. Tia kuni, funga mlango, ziache zishike na maji yake yatoke kwa muda ambao kitabu kimetaja, kisha funga kilango na upunguze hewa kama mwanzo. Usijaze jiko mpaka juu wakati makaa bado ni mengi na mekundu.

Tano, usitie kuni kisha ukaenda kulala papo hapo. Wengi wetu huku tuna kazi mbili, twarudi usiku tumechoka. Hata hivyo kaa nusu saa ya kwanza. Ndani ya nusu saa hiyo ndipo jiko huonyesha litakavyokwenda. Mshale ukitulia, lala.

Tena ujue kipimajoto cha mshale huchelewa. Kinachokuonyesha sasa ni habari ya dakika chache zilizopita. Ukisubiri kifike kwenye rangi nyekundu ndipo upunguze hewa, umeshachelewa.

Jiko likizidi

Kataliti kung'aa rangi ya chungwa si ajabu, na kutong'aa si ubovu. Tazama kipimajoto. Lakini mwili wa jiko au bomba lake kung'aa rangi nyekundu ni hatari wakati wote.

Mshale ukipita kiwango, fanya haya kwa utulivu. Hakikisha mlango na sahani ya jivu vimefungwa barabara. Kama ni mshale wa kataliti peke yake na mwili wa jiko ni wa kawaida, punguza hewa kwa hatua, na usishangae ukipanda kidogo kabla ya kushuka. Kama ni jiko zima limezidi, punguza hewa mpaka mwisho. Washa feni ya jiko, maana huondoa joto kwenye chuma. Umeme ukikatika feni haifanyi kazi, kwa hiyo siku za dhoruba tia kuni kidogo kuliko kawaida.

Usifungue mlango kutazama. Usimwage maji: chuma na kioo hupasuka, na mvuke hukuunguza uso. Usifungue kilango cha moshi ila kama kitabu cha jiko lako kinasema hivyo, maana waweza kuuelekeza moto wenyewe kwenye dohani yenye masizi.

Ukisikia dohani inanguruma kama treni, au ukaona cheche zatoka juu ya paa, huo ni moto wa dohani. Toa watu wote nje, piga 911, usirudi ndani kuchukua kitu. Wazima moto huku hawakutozi pesa kwa kupiga simu ya moto wa kweli, wala hawakuulizi karatasi za uhamiaji. Nasema haya kwa sababu najua kuna wanaosita. Baada ya hapo jiko lisiwashwe mpaka dohani ikaguliwe.

Mambo ya nyumba

Weka king'ora cha moshi na king'ora cha gesi ya kaboni monoksaidi karibu na vyumba vya kulala, na ubadilishe betri. Gesi hii haina rangi wala harufu. Acha nafasi ya kama mita moja mbele na pembeni ya jiko. Leso, blanketi na nguo za mtoto zisianikwe hapo hata kama nje kuna theluji. Weka uzio wa chuma kama kuna watoto wadogo. Muulize mwenye nyumba lini kataliti ilibadilishwa, dohani ilifagiwa lini, na kama bima ya nyumba inalijua jiko hilo. Kitabu cha jiko kikipotea, tafuta namba ya aina ya jiko kwenye kibati cha nyuma, kitabu hupatikana bure kwa kiwanda.

Kataliti iliyotunzwa hudumu miaka kadhaa. Iliyochomwa kupita kiasi huweza kufa kwa msimu mmoja, na mpya ni mamia ya dola. Hizo ni pesa ambazo nyumbani zingelipa karo ya mtoto. Lakini hata hiyo si hoja kubwa. Hoja ni watu waliolala ndani.

Mwenye mtoto anayesafiri kuja huku kabla ya msimu wa baridi, ampe makala haya pamoja na koti. Na akifika akakuta jiko, asiliwashe siku ya kwanza peke yake. Atafute fundi, au amtafute mwenzetu aliyekwishazoea, wakae nalo usiku mmoja mpaka ajue mshale wake wapanda na kushuka namna gani.